Sakubimbi wa Ukutani

Saa tisa za usiku analia: tii, tii, tii,
kijidude cha tukuza juu ya mlango,
sakubimbi wa ukutani,
anaitangazia Jadida nzima
kuwa nyumba ya marehemu Shaame Faki
imebakiwa na yuniti tatu.

Shaame aliijenga ya umeme mtupu.
"Mke wangu hatapuliza kuni," aliapa,
akaleta kutoka Mombasa jiko la sahani nne,
hita ya maji kubwa kama pipa la mafuta ya taa,
friji lililobebwa na wanaume sita,
na taa za mirija zinazonguruma kama nyuki walioudhiwa.
Majirani walikuja kunusa: moshi uko wapi?
Sikuwa nao. Nilikuwa na bili.

Nilianza na taa, maana taa ni rahisi kuzisaliti.
Moja kila mwisho wa mwezi, pensheni ikiingia:
kwanza ya jikoni, halafu ya ukumbini,
ya chooni ikangoja mpaka Mfunguo Tatu.

Mjukuu wangu Raya, anayesoma ufundi Chake,
akaja na kalamu na daftari la hesabu,
akachomoa kila kitu,
akachomeka kimoja kimoja,
nasi tukaikodolea macho mita
kama watu wanaotazama mwezi wa Ramadhani.
Hita ndiye aliyekuwa mwizi.
Miaka ishirini na saba inachemsha maji
katika kisiwa ambacho maji ya bomba, ikifika saa saba mchana,
hutoka yamekwisha kujichemsha.
Nilicheka hata nikashika ukuta.

Baada ya hita, bati.
Chini yake hapakuwa na dari, ni jua na misumari tu;
feni ikilichota joto juu na kulimwaga kitandani.
Pesa za karafuu za msimu ule,
pishi kumi na moja, si nyingi,
zikanunua mbao nyembamba
na mikono ya fundi Kombo Mgeni wa Bopwe,
aliyepiga dari chumba kimoja, akaenda matangani,
akarudi baada ya wiki mbili na kisingizio kipya.
Chumba cha pili kilikwisha wakati wa vuli.
Cha tatu bado;
ndimo tunamolaza wageni tusiowapenda.

Likabaki friji.
Raya akatia karatasi mlangoni, akafunga, akavuta:
karatasi ikatoka bila kung'ang'ania.
"Bibi, mpira umekufa. Unawapoza mijusi wa jikoni."
Tukautafuta mpira Chake, tukaukosa;
ukaja kwa boti kutoka Unguja,
umejikunja ndani ya gazeti kama nyoka,
tukaulainisha kwa maji ya moto, tukaubandika.
Mlango sasa ukaishika karatasi
kama mtoto anavyoishika kanga ya mamaake sokoni.
Na bado mita ikakimbia.

Sikumwambia Raya
kwamba mngurumo ule ndio uliokuwa ukimlaza babu yake,
kwamba alipokufa niliurithi mimi,
na umeme ukikatika usiku
ni kimya kilichokuwa kikiniamsha.

Nililichomoa Jumatatu, baada ya alasiri.
Likatetemeka, likaguna, likatulia,
kama mtu aliyetaka kusema neno
akaona basi.

Sasa limejaa unga, mchele, bizari,
na karafuu kidogo ndani ya kikopo cha maziwa.
Panya hawaingii, mpira mpya hauwaruhusu.
Yuniti za wiki zinavuka siku ya kumi na mbili,
sakubimbi amekosa la kusema.

Ila kila nikilifungua usiku kutafuta chumvi
nasimama kidogo, mkono mlangoni,
naingoja ile taa yake ndogo iwake.